Ua la Macho na Ua la Pua

Kaskazi inapoanza kuvuma hapa Tanga, mwezi wa Desemba, mvua za vuli zinakuwa zimekwisha na jua linakuwa kali, nao wenye bustani za nyumbani huanza kutembeleana. Hakuna aliyewaita, wala hakuna kikombe cha kushindania, lakini mashindano ni mashindano. Huyu ana bogenvilia ya rangi ya machungwa iliyopanda hadi paani. Yule ameletewa mbegu za zinia kutoka Lushoto, nazo zimetoka nyekundu kama damu. Wa tatu ana miwaridi sita katika makopo ya rangi aliyoyatoboa chini kwa msumari. Vijiti hukatwa, vikafungwa katika gazeti lililoloweshwa maji, jirani akaondoka navyo chini ya kwapa. Siku hizi, pamoja na vijiti, picha hupigwa kwa simu zikapelekwa kwa ndugu walioko Muscat na London, nao wakarudisha picha za maua ya kwao wakati wao wa joto ukifika.

Mimi ni mmoja wa watembezi hao, tena si mvivu. Ninayo hoja moja tu nao, na hoja yenyewe inahusu mizani wanayotumia.

Miaka mingi nilifundisha uhakiki wa fasihi katika chuo cha ualimu, kabla ya kukabidhiwa mzigo wa ukuu wa chuo. Mwanachuo akisimama na kusema shairi fulani ni zuri, nilimwuliza swali lile lile: zuri kwa kigezo gani? Aghalabu ilidhihirika kwamba kigezo anacho, ila hajui kama anacho. Basi nimejizoeza kuwasikiliza majirani zangu kama nilivyowasikiliza wanachuo wale. Wakisimama mbele ya ua husema maneno ya namna tatu. Husema ni kubwa. Husema ni mengi. Husema rangi yake haijapata kuonekana. Baada ya hapo huhamia kwenye ua linalofuata. Ni nadra mno kumwona mtu anainama.

Naam, kuinama. Ua halinusiwi kwa kusimama wima na mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Sharti mtu apinde mgongo, afumbe macho kidogo, avute pumzi, na asubiri. Kwa mzee wa umri wangu si kazi nyepesi, lakini naifanya, na watoto hucheka.

Jambo hili linanishangaza kwa sababu pwani yetu hii ilikuwa na mizani nyingine kabisa. Mama zetu hawakuulizana ua gani kubwa. Waliulizana ua gani linanukia, na linanukia saa ngapi. Asumini ni ua dogo, jeupe, halina la kumwonyesha mpita njia. Ukilitazama saa sita mchana utaona tumba zimefumba, na ukilipiga picha utapata picha ya majani. Lakini lilikuwa na mahali pa heshima uani, karibu na mtungi au kisima, pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagika. Tumba zilichumwa alasiri, kabla hazijafumbuka, zikatungwa koja kwa sindano na uzi, zikafumbuka zenyewe usiku zikiwa nyweleni au juu ya mto wa kitanda. Kufanya hivyo kwahitaji elimu. Ukichuma mapema mno, tumba hunyauka bila kufumbuka; ukichelewa, ua limekwisha kutoa sehemu ya harufu yake hewani.

Kisha kipo kikuba, ambacho wasomaji wa bara huenda hawajakiona. Ni kifungu kidogo cha vitu vinavyonukia, rehani, asumini, waridi, kilua, ua la mkadi, ambacho mwanamke hukivaa kifuani au hukichomeka nyweleni. Mimi naona kikuba ni kazi ya sanaa kwa maana kamili ya neno hilo. Kina mtungo, kina uwiano, na kina kinachotangulia na kinachofuata, maana rehani husikika mara moja, asumini hukawia. Mfungaji mbaya hujaza waridi, vyote vikamezwa. Mfungaji hodari hujua kiasi. Nimesoma tahakiki nyingi za mashairi yetu na za nyimbo za taarab ambamo maua hayo hutajwa, na mara nyingi mhakiki huandika tu kwamba ua ni mwanamke mzuri, akafunga kitabu. Hajiulizi kwa nini msanii alichagua asumini akaacha waridi, au kwa nini kilua. Hawezi kujiuliza, maana hajapata kuvinusa. Hapo ndipo upungufu wa pua unapokuwa upungufu wa usomaji.

Lugha yenyewe inatushuhudia. Kiswahili kimetenga kunuka na kunukia, na ole wake mgeni akosaye silabi moja tu mbele ya mwenye nyumba. Kwa upande wa rangi, lugha haikujisumbua sana: ilikuwa na nyeupe, nyeusi na nyekundu, na nyingine ikaziazima kwenye majani, manjano, zambarau na majivu. Sisemi kwamba babu zetu hawakuona rangi, la hasha. Nasema walipotaka kulisifu ua walikuwa na kitenzi tayari kwa kazi hiyo, nasi tumekiacha kwa wauza marashi.

Tazama sasa bogenvilia, malkia wa mashindano ya mtaa wetu. Asili yake ni Amerika ya Kusini; Wafaransa waliomsindikiza Bougainville katika safari yake ya kuizunguka dunia, 1766 hadi 1769, waliikuta Brazili. Kile kinachosifiwa, ile rangi ya kuwasha macho, si ua. Ni majani matatu yaliyogeuka rangi, na ua lenyewe ni kile kijibomba chembamba, cheupe, kilichojificha katikati. Nimewaonyesha hayo majirani wawili watatu. Walistaajabu, kisha wakaendelea kulinganisha majani. Siwalaumu sana. Lakini ni jambo la ajabu kwamba watu wazima wanaweza kushindana kwa maua miaka kumi bila kuliona ua.

Kuna kisa kingine kinachotuhusu zaidi sisi watu wa Tanga. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya hii wakati wa Wajerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake huko Ujerumani mmea mdogo unaoota penye miamba na kivuli, karibu na mji wetu na katika milima ya Usambara. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akaupa jina la Saintpaulia ionantha. Neno la pili kwa Kiyunani lamaanisha wenye maua kama ya urujuani wa Ulaya. Leo mmea huo umo madirishani katika nyumba za nchi nyingi, na Marekani kuna chama chake tangu 1946, ambacho wanachama wake hukutana kulinganisha mimea waliyoilea. Wana waamuzi waliofunzwa, na wana karatasi ya alama. Waamuzi hutazama mpangilio wa majani, wingi wa maua, afya ya mmea, ukubwa na aina ya ua, na rangi. Harufu haimo.

Na haikosekani kwa uzembe: ua letu hilo kwa kawaida halinukii. Limepewa jina la ua la Ulaya linalosifika kwa harufu, lenyewe likiwa halina. Kwa hiyo karatasi ile ni ya haki kwa mmea ule. Kinachonisumbua ni pale karatasi ya namna hiyo inapotoka dirishani mwa Saintpaulia na kuingia katika kila bustani, hata pale ambapo hapana karatasi, yaani vichwani mwetu, ambamo asumini inapewa sifuri kwa sababu haina ukubwa, wingi wala rangi.

Waridi limekwisha kupatwa na msiba huo. Watu wa makamo wanakumbuka waridi lililokuwa likinukia hata limekauka. Leo mtu hununua waridi la dukani, refu, lililonyooka, akalipeleka puani kwa mazoea, akakuta halina kitu. Sababu inajulikana. Mawaridi ya kukata, kama yale yanayolimwa kwa wingi kandokando ya Ziwa Naivasha nchini Kenya na kusafirishwa kwa ndege hadi Uholanzi, yalichaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa urefu wa kikonyo, kwa kustahimili safari na magonjwa, na kwa kukaa siku nyingi katika chombo. Hakuna aliyekaa kikao akaazimia kuiua harufu. Haikuulizwa tu, ikaondoka. Mwaka 2015 wanasayansi, wengi wao wa Ufaransa, walichapisha matokeo kuhusu kimeng'enya kinachosaidia waridi kutengeneza sehemu ya harufu yake. Katika mawaridi yasiyonukia kimeng'enya hicho hakifanyi kazi yake kwa kiasi cha kutosha. Mwalimu yeyote anaifahamu hali hii. Jambo lisilotahiniwa hukoma kufundishwa, na baada ya muda hapatikani wa kulifundisha.

Lazima niwatendee haki watu wa macho, maana wanazo hoja. Ya kwanza ni maji. Mwezi wa Februari bogenvilia huchanua kwa kiu, wakati asumini na waridi vyadai ndoo kila jioni, na ndoo ina bei. Mama mwenye watoto watano hawezi kuambiwa amwagilie harufu. Hoja ya pili ni ngumu zaidi. Rangi hubaki pale ilipo mpaka watu wote kumi wamekwisha kuiona, wakaafikiana au wakabishana. Harufu haibaki. Pua ya kwanza husikia, ya pili husikia kidogo, na mtu aliyekwisha kunusa maua matatu mfululizo hawezi kusema kweli juu ya la nne. Tena haipigiki picha; ndugu wa Muscat hawezi kutumiwa asumini kwa simu. Je, kitu kisichoweza kuwekwa mezani kikalinganishwa kinafaa kuwa kigezo?

Nimelifikiri swali hilo sana, na jibu langu ni kwamba kinafaa, lakini si kwa kupanga wa kwanza na wa pili. Nilipokuwa mwalimu kijana, chuo kimoja nilichofundisha kilikuwa na mashindano ya bustani za mabweni. Tulikagua mistari iliyonyooka na mawe yaliyopakwa chokaa. Palikuwa na mlangilangi mzee kando ya njia ya bwalo, haukuwa wa bweni lolote, kwa hiyo haukupewa alama. Uongozi wa wakati huo ukaagiza ukatwe, kwa kuwa ulivuruga mstari. Mwanachuo mmoja asiyeona alikuja kuniuliza njia ya bwalo imehamishwa lini. Jioni alikuwa akikunja kona kwa kuufuata mlangilangi. Alama ngapi zingetosha kwa mti ule?

Na iko kazi ya harufu ambayo rangi haijui kabisa. Mjane akiwa katika eda, miezi minne na siku kumi, hajitii manukato wala havai kikuba. Kaskazi ya mwaka juzi jirani yangu mmoja, mama wa makamo, alikuwa ndani katika hali hiyo. Bogenvilia yake iliendelea kuwaka ukutani kama kwamba hapana lililotokea, na wapita njia wakaisifu. Siku eda yake ilipokwisha, wanawake wa mtaa walimwendea na sinia la asumini na rehani. Sikuwemo, na si mahali pa mwanamume, ila ukuta wetu ni mmoja na upepo ulikuwa wa kwake kuja kwangu. Hakuna aliyehitaji kunieleza kwamba mama yule amerudi miongoni mwa watu. Zinia hazingeweza kulisema hilo, hata zingekuwa na ukubwa wa sahani.

Ninachokihofia si kwamba asumini itatoweka duniani. Nchi nyingi za Asia bado zinaienzi, na Ufilipino waliifanya ua lao la taifa tangu 1934. Ninachokihofia ni nyua zetu. Nimeona tatu katika mtaa mmoja zikisakafiwa kwa vitofali ili gari lipate kuingia, na asumini iliyokuwa kando ya kisima ikang'olewa bila mtu kuomba hata kijiti, kwa sababu mwezi huo haikuwa na cha kuonyesha. Wajukuu wa nyumba hizo huvalishwa harusini maua ya plastiki. Yana rangi nzuri.

Kwa hiyo nimetoa pendekezo kwa watembezi wenzangu. Ziara za kaskazi hii zisifanyike saa kumi, jua likiwa bado juu, bali baada ya sala ya magharibi, saa ambayo asumini inafumbuka na nondo wanatoka, maana ua jeupe la usiku linawaita wao, halituiti sisi. Tutembee polepole, nyumba mbili kwa jioni moja, zisizidi, ili pua ipumzike. Wengi wamekubali, wengine nadhani kwa kuniheshimu uzee. Mwenye zinia za Lushoto ndiye aliyegoma. "Shikamoo mwalimu," alisema, "na hizi zinia zangu nilizozimwagilia tangu Novemba, gizani ataziona nani?" Nikamwambia tutaanza na kwake, na taa nitakuja nayo mimi.