Mpira wa Watoto Wetu na Makosa ya Wakubwa



Alasiri, jua likipoa, pita katika kijiji cho chote cha Kabambare au cha Kasongo, utaona watoto wakikimbiza mpira. Mara nyingi si mpira wa dukani: ni mifuko ya nailoni na vitambaa vilivyokazwa pamoja na kufungwa kwa kamba. Magoli ni mawe mawili au vijiti viwili. Hakuna viatu, hakuna saa. Mchezo huisha giza likiingia au mama akiita. Jambo hili twaliona kila siku, na kwa kuwa twaliona kila siku, hatulifikiri. Leo nataka tulipime kama watu wenye akili na imani, tuseme lililo jema ndani yake na lililo baya, tena tujue hilo baya latoka kwa nani.

Kwa kawaida wazazi hutoa hukumu mbili juu ya mpira. Mmoja asema: mpira ni uvivu, mtoto aende shambani, achote maji, achunge mbuzi. Mwingine asema: mpira ni mali, mwanangu atakwenda Kindu, toka Kindu hata Lubumbashi, toka Lubumbashi hata Ulaya, nasi tutajenga nyumba ya mabati. Hukumu hizi zaonekana kupingana, kumbe ni ndugu wa tumbo moja. Zote mbili zapima mchezo wa mtoto kwa faida ya mkubwa. Hakuna kati yao anayeuliza: je, mchezo huu wamfanya mwanangu kuwa mtu wa namna gani?

Yule wa kwanza tumjibu kwa upole, maana ana sehemu ya ukweli. Kazi ya nyumbani ni shule nayo, na mtoto anayeuacha mzigo kwa dada yake ili akacheze anajifunza udhalimu kabla ya kujifunza mpira. Lakini kumkataza kabisa ni kosa. Mtakatifu Yohane Bosco, aliyezaliwa mwaka 1815 na kufa mwaka 1888, alilea vijana maskini wa mji wa Torino, na kwake michezo, masomo na sala vilikaa katika ua mmoja. Alijua kwamba kijana asiyepewa mchezo mwema atajitafutia mwingine. Na huo mwingine sisi twaujua. Upande wa Salamabila na Namoya kuna mashimo ya dhahabu, tena porini kumekuwa na vikundi vyenye silaha. Kijana wa miaka 13 asiye na la kufanya baada ya masomo haitwi na shetani mwenye pembe. Huitwa na rafiki yake aliyerudi toka shimoni na noti mbili mfukoni. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto yasema kwamba asiyetimiza miaka 18 ni mtoto. Lakini sheria iliandikwa Kinshasa, na shimo liko karibu. Uwanja wa mpira peke yake hautoshi kumzuia kijana. Hata hivyo wampa sababu moja ya kubaki kwetu, karibu na shule na karibu na macho ya wazazi wake.

Yule wa pili tumwonyeshe maisha ya mtu mmoja. Mwaka 1974 Ndaye Mulamba, mwana wa Kongo, alifunga magoli 9 katika Kombe la Afrika huko Misri, na nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule, ilichukua kombe. Mwaka uleule timu ilikwenda kwenye Kombe la Dunia, Ujerumani ya Magharibi. Ilishindwa na Scotland 2 kwa 0, na Yugoslavia 9 kwa 0, na Brazil 3 kwa 0. Wachezaji waliosifiwa kama wafalme walirudi wakiwa si kitu. Baadaye Ndaye alikimbilia Afrika ya Kusini na kuishi huko katika umaskini. Mwaka 1998, wakati wa Kombe la Afrika, watu walisimama kimya kumkumbuka kama marehemu, naye angali hai! Alifariki kweli Johannesburg, Januari 2019. Huyo ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote katika kufunga magoli. Basi, mzazi anayeweka matumaini yote ya nyumba yake juu ya miguu ya mtoto wa miaka 11 ajue anajenga juu ya nini. Ni kweli AS Maniema Union ya Kindu iliingia makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika ya mwaka 2024 hata 2025, na watoto wetu wanayo haki ya kuifurahia. Lakini timu moja huchukua vijana wachache, na watoto wanaocheza Maniema ni maelfu. Hao maelfu nao lazima wapate faida ya mchezo, na faida yao haiwezi kuwa fedha.

Pengine mtu atauliza: katekista ana shughuli gani na mpira? Tumjibu kwamba Kanisa si mgeni uwanjani. Huko Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, Wabenedikto waliokuwa wakifundisha vijana walianzisha timu mwaka 1939, wakaiita kwa jina la Mtakatifu Georges. Timu ile ndiyo iliyokuja kuitwa TP Mazembe, iliyochukua ubingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968, na mwaka 2010 ikafika mchezo wa mwisho wa ubingwa wa vilabu vya dunia huko Abu Dhabi. Léopoldville nako padri wa Scheut, Raphaël de la Kethulle, aliwajengea vijana viwanja, na kiwanja kikubwa kimoja chachukua jina lake hata leo: Tata Raphaël.

Lakini tuseme ukweli wote. Walikuwako wakubwa wa serikali ya kikoloni waliotumaini kwamba mpira utawasahaulisha watu shida zao. Tarehe 4 Januari 1959, katika mji uleule wa Léopoldville, watu waliotoka kiwanjani walikutana na wengine waliokuwa na hasira kwa sababu mkutano wa ABAKO ulikatazwa, na mji ukawaka ghasia na damu ikamwagika. Basi waliodhani kwamba mchezo watosha kutuliza watu walikosea. Mpira hautengenezi roho ya mtu kwa nguvu zake wenyewe. Ni kama sahani: yafaa kwa chakula chema na kwa chakula kilichooza. Kinachowekwa ndani yake na wakubwa ndicho watoto watakachokula.

Sasa tutazame tunachoweka.

Kosa la kwanza ni midomo yetu. Watoto wa vijiji viwili wakicheza peke yao hugombana kidogo, hupatana, huendelea. Wakubwa wakifika, mchezo huwa vita. Twamtukana refa, ambaye pengine ni kijana wa miaka 16. Twamtukana mtoto wa wenzetu kwa jina la kabila lake. Na mwisho twapigana kwa fimbo kwa sababu ya goli ambalo watoto wenyewe wamekwisha kulisahau. Fikirini maana yake. Katika nchi iliyoona silaha zikiamua mambo mengi, filimbi ya refa ni sheria ya kwanza ambayo mtoto huitii bila kuogopa bunduki. Baba anayeidharau filimbi mbele ya mwanawe amfundisha nini? Amfundisha kwamba sheria ni njema tukishinda, na mbaya tukishindwa.

Kosa la pili ni dawa. Twajua wako wanaompelekea mganga kuku ili timu ishinde, wanaofukia vitu golini usiku, wanaowavika watoto hirizi. Tena timu ikishindwa hutafutwa mchawi, na mara nyingi anayetajwa ni mama mzee asiye na mtetezi. Mkristu hawezi kufanya hivi akaja Jumapili kupokea Komunyo kana kwamba hakuna neno. Na hata tukiacha dini kando kwa dakika moja, dawa hii humwibia mtoto. Akishinda, aambiwa si juhudi yake. Akishindwa, aambiwa si kosa lake. Hivyo hajifunzi kamwe kujitazama na kujirekebisha.

Kosa la tatu ni uongo wa umri. Kijana wa miaka 17 aandikwa 14 ili aonekane hodari kati ya wadogo. Wakubwa huandika, wakubwa hutia sahihi, kijana huambiwa anyamaze. Uongo huu haufiki mbali: tangu mwaka 2009 FIFA imetumia mashine za kupiga picha mifupa ya kifundo cha mkono katika Kombe la Dunia la vijana walio chini ya miaka 17. Lakini hata kama pasingekuwa na mashine, kijana aliyefundishwa kudanganya tarehe ya kuzaliwa kwake, mkishampa ofisi kesho, atadanganya hesabu za ofisi.

Haitoshi kulaumu, wazazi wapenzi. Yafaa tujue la kufanya, nalo si gumu.

Mjue mtu anayewaongoza watoto wenu. Ni nani? Anaishi wapi? Anasemaje akikasirika? Asiachwe mtu mzima mmoja kusafiri au kulala na watoto wa wengine bila mzazi au mwalimu mwingine pamoja naye. Kiongozi mwema hataudhika kwa sharti hili. Anayeudhika ametupa sababu ya kumtazama zaidi.

Mjue saa. Mchezo usimwondoe mtoto darasani, wala katika Misa ya Jumapili, wala usimfikishe gizani njiani. Viongozi wakiulizwa mapema na wazazi kumi pamoja, watabadili saa. Wakiulizwa na mzazi mmoja, watacheka.

Mlinde mwili wa mtoto. Anywe maji safi kabla ya mchezo na katikati yake. Akigonga kichwa, akaona kizunguzungu au akatapika, asirudi kucheza siku ile. Apelekwe hospitali au kituo cha afya. Mpira wa vitambaa ukilowa mvua huwa mzito kama tofali, basi wadogo wasiupige kwa kichwa. Hata Uingereza, penye mipira mizuri, wakubwa wa mpira walitoa agizo mwaka 2020 kwamba watoto wa miaka 11 na chini wasifundishwe kupiga kwa kichwa katika mazoezi. Ngurumo ikisikika, mchezo usimame, wote waingie ndani ya nyumba imara, wala si chini ya mwembe, wangoje nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Radi hutafuta kilicho kirefu penye uwanda. Haimtafuti adui wa mtu, wala haitumwi na jirani.

Mjihadhari na mgeni mwenye ahadi. Akija mtu kusema atampeleka mwanao ng'ambo kucheza, akitaka fedha za karatasi na safari, ujue kwamba kanuni za FIFA hazikubali mchezaji aliye chini ya miaka 18 ahamishwe nchi hata nchi, ila kwa sababu chache zilizotajwa waziwazi. Usiuze shamba. Mpeleke kwanza mgeni huyo kwa padri, kwa mwalimu mkuu na kwa ofisi ya teritware, naye ajieleze mbele yao.

Tena msiwasahau wasichana na wale wasiojua kucheza. Msichana naye ana miguu na ana hamu ya kukimbia; akikosa saa hata moja kwa juma kwa sababu ndoo zote ni zake, kosa si la mpira, ni la nyumba. Na yule mnene, yule mwoga, yule anayepoteza mpira kila mara, naye aingie uwanjani. Kwa watoto, timu inayoshinda kwa kumwacha nje mnyonge imeshindwa.

Tarehe 2 Februari 2023 marehemu Papa Fransisko alikutana na vijana na makatekista wa Kongo katika kiwanja cha Martyrs, Kinshasa. Aliwaambia watazame mikono yao, na kwa kila kidole akawapa neno moja: sala, jumuiya, uaminifu, msamaha, utumishi. Mahali pa mpira pakawa darasa la dhamiri. Uwanja wetu wa vumbi, wenye magoli ya vijiti, waweza kuwa hivyo kila jioni, bila gharama yo yote, tukitaka.

Basi mtoto akirudi nyumbani jioni, miguu imejaa vumbi, usimwulize kwanza: mmeshinda? Mwulize: mlicheza na nani? Refa alipokosea ulifanya nini? Nani hakupata nafasi ya kucheza leo? Ukimwuliza hivyo kwa mwezi mmoja, ataanza kuyatazama mambo hayo mwenyewe akiwa uwanjani, kwa kuwa anajua ataulizwa. Kisha mpe maji ya kuoga, mpe chakula, nawe ukumbuke kwamba Samaki mkunje angali mbichi.