Sufuri ya Bizerte

Taja pale Kaaga, Meru, mechi ya Kenya na Burkina Faso ya Februari 2, 2004, na shabiki wa makamo atakutajia wafungaji bila kusita: Emmanuel Ake, Dennis Oliech, John Baraza. Tatu bila, mjini Bizerte, Tunisia, ushindi wa kwanza wa Harambee Stars katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Ile tatu ina wenyewe. Ile bila ni ya nani?

Nahodha wa kikosi hicho alikuwa beki wa kati, Musa Otieno. Katika mechi mbili za kwanza Kenya ilikuwa imefungwa mabao sita, matatu na Mali, matatu na Senegal. Kuipanga upya ngome iliyovuja hivyo, tena katika muda wa siku chache, si kazi ndogo. Lakini kazi hiyo haina picha ya kubandika ukutani. Beki ni kama mlinzi wa shamba la miraa kule Igembe: usiku ukipita salama hapongezwi, likiibwa tawi moja ndipo anapoitwa.

Otieno alizaliwa Nairobi mwaka 1973. Alitoka Tusker akaenda Santos ya Cape Town mwaka 1997, akakaa huko zaidi ya miaka kumi. Santos haikuwa na umaarufu wa Kaizer Chiefs wala Orlando Pirates, ila msimu wa 2001/02 iliwapiku wote na kutwaa ligi ya Afrika Kusini. Baadaye alirudi Harambee Stars kama kocha msaidizi.

Anayetaka kuona ufundi wa beki ulipofika kileleni amtazame Franco Baresi. Alizaliwa Travagliato, Italia, mwaka 1960, akafiwa na wazazi wote wawili kabla hajawa mtu mzima. Inter walimchukua kaka yake Giuseppe, yeye wakamkataa kwa umbo dogo. Milan wakamwokota. Alicheza misimu ishirini kwao, hata waliposhuka daraja mara mbili, na alipostaafu mwaka 1997 jezi namba 6 ikastaafu pamoja naye.

Hakuwa mrefu, wala hakuwa na mbio za kutisha. Silaha yake ilikuwa macho. Alimwangalia mwenye mpira, akaona pasi kabla haijapigwa, akafika mapema bila kulazimika kujitupa chini. Chini ya kocha Arrigo Sacchi, yeye akisogea hatua mbili mbele, Tassotti, Costacurta na Maldini walisogea naye kwa pamoja, na mshambuliaji akajikuta ameotea, kibendera kiko juu. Msimu wa 1993/94 Milan walitwaa ubingwa wa Italia kwa mabao 36 tu katika mechi 34. Siri ilikuwa upande wa pili wa jedwali: walifungwa 15.

Kiangazi kilichofuata, kwenye Kombe la Dunia kule Marekani, Baresi aliumia goti dhidi ya Norway akafanyiwa upasuaji. Wiki tatu na siku chache baadaye alikuwa uwanjani Pasadena, kwenye fainali, akiwakabili Romário na Bebeto wa Brazili. Dakika 120, sufuri kwa sufuri! Kisha akapiga penalti ya kwanza ya Italia, ikapaa juu ya mwamba, na dunia ikachagua kukumbuka hiyo. Dhuluma, kwa maoni ya mwandishi huyu. Zile dakika 120 ni miongoni mwa kazi bora kuwahi kufanywa na beki yeyote.

Basi, ombi kwa wanaoandaa mashindano ya vijana Meru, kuanzia viwanja vya shule za Kaaga hadi Kinoru: mfungaji bora hamkosi kumpa zawadi. Msimu ujao tengeni kikombe kingine, cha beki bora, na kikabidhiwe hadharani, kabla ya kile cha mfungaji.