Kuotesha Picha

Mwaka 1968 mwanabiolojia Aristid Lindenmayer, akitafuta namna ya kueleza jinsi seli zinavyogawanyika, alibuni sarufi za aina mpya. Mojawapo ina kanuni mbili tu: A igeuke AB, B igeuke A. Anza na A. Utapata AB, kisha ABA, kisha ABAAB. Zipe herufi hizo kazi ya kuchora, hii mstari, ile kona, na sarufi ya namna hiyo itaotesha matawi.

Sasa ongeza herufi moja: B igeuke BA. Mfuatano wote unageuka: AB, ABBA, ABBABAAB. Utamu wa ufundi huu uko hapo. Ukivuruga mstari mmoja wa picha, umetia doa. Ukigusa kanuni, badiliko huonekana kuanzia shinani hadi kijitawi cha mwisho, na picha hubaki na ukoo wake.

Algoriti za mageuzi huvuruga hivyo kwa makusudi. Kompyuta hubadili kanuni kwa bahati nasibu, huchanganya za mzazi huyu na za yule, kisha huonyesha picha zilizozaliwa, yaani watoto. Msanii huteua, kama mkulima atengaye mahindi ya mbegu.

Msanii William Latham alianza bila kompyuta. Miaka ya 1980 alichora kwa mkono, kwenye makaratasi makubwa, nasaba za maumbo: pia au mchemraba ukikatwa, ukivimbishwa, ukichongolewa mdomo. Baadaye, katika maabara ya IBM mjini Winchester, Uingereza, yeye na Stephen Todd waliunda programu ya Mutator, iliyomwekea msanii maumbo kadhaa mbele yake achague wazazi wa kizazi kijacho. Yalitoka mapembe na makombe yaliyojisokota. Mengine, kusema kweli, yanatia kinyaa, nami nayapenda kwa hilo hilo.

Mwaka 1997 msanii wa kompyuta Karl Sims aliukabidhi uteuzi kwa umma wa Tokyo: skrini 12 za viumbe vya kompyuta, na mtazamaji akisimama mbele ya kiumbe aliyempenda, wasioteuliwa walifutika.

Jicho huchoka, ndiyo maana wengine huiachia kompyuta itoe alama. Lakini programu ni janja. Hupata alama bila kupata uzuri. Fundi hutazama mbali zaidi. Humwacha mtoto mrembo ambaye kanuni zake zimefika ukingoni, akamteua mwenye sura mbovu ambaye sarufi yake bado ina pa kuotea.