Ayimba Alihukumiwa kwa Siku Tatu za Rio

Chama cha Raga Kenya kilikosea kuachana na kocha Benjamin Ayimba baada ya Olimpiki za Rio 2016. Nalisema mapema ili anayetaka kukasirika aanze sasa. Wala haikuwa mara ya kwanza: 2011 walishaachana naye, miaka miwili tu baada ya kuifikisha Shujaa, timu yetu ya raga ya wachezaji saba, nusu fainali ya Kombe la Dunia kule Dubai kwa kuichapa Fiji 26-7. Mambo yalipoharibika wakamwita tena, 2015.

Turudi kwenye mashindano ya Singapore, Aprili 17, 2016. Fainali mliiona: Kenya 30, Fiji 7. Dereva mmoja wa lori, akisubiri nyama choma hapa Emali kwenye njia panda ya Loitokitok, alinisimulia mbio za mchezaji wetu Collins Injera moja baada ya nyingine, mikono ikipaa. Kiki za kuanzisha mchezo hakutaja hata moja. Hapo ndipo shabiki na mkubwa wa chama hufanana: wote wawili huanza kutazama mpira ukishafika mikononi.

Katika raga ya wachezaji saba, aliyefunga ndiye anayepiga kiki ya kuanzisha upya. Sheria inampa mpira aliyefungwa, isipokuwa umnyang'anye angani. Piga juu, ivuke tu ule mstari wa mita kumi, mtu wako mrefu afike chini yake kabla ya mpokeaji kujipanga, na Fiji yenye mikono ile yote inabaki mtazamaji. Unafunga, unaudaka tena, unafunga tena. Mbinu hii Ayimba aliianza zamani, enzi Humphrey Kayange alipokuwa nahodha. Na angani, wadogo zangu, sijaona wa kumfikia Kayange. Ayimba mwenyewe alikuwa fowadi, mtu wa Impala, nahodha wa Kenya ya wachezaji kumi na tano na ya wachezaji saba, aliyecheza hadi Cornish Pirates kule Uingereza. Fowadi anajua mpira hupiganiwa kwanza, ndipo ukimbizwe.

Sasa Rio. Simtetei. Uingereza 31-7, New Zealand 28-5, Japan 31-7: pointi 90 tulizofungwa katika mechi tatu za kundi. Kisha Uhispania wakatupiga 14-12, na ushindi dhidi ya Brazil ukatuacha nambari 11. Lakini hesabu hiyo isome kifundi. Kila tulipofungwa, kiki iliyofuata ilikuwa inatujia sisi. Timu inayopokea mara nyingi hivyo na bado inafungwa ina ugonjwa wa kupokea na kulinda mpira baada ya kuangushwa. Huo ni ugonjwa wa uwanja wa mazoezi. Daktari wake alikuwa yule yule aliyeonyesha miezi minne nyuma kwamba anaujua upande wa pili wa kiki hiyo, mbele ya Fiji iliyokwenda kuibeba dhahabu ya Rio kwa kuilaza Uingereza 43-7.

Wakubwa hawakuangalia kiki. Waliangalia nambari 11. Mkataba ukaishia hapo, na miaka minne ya kuelekea Olimpiki nyingine ikaanza na kocha mpya, kana kwamba Singapore ilikuwa kamari iliyoangukia kwetu. Kocha aliyeshinda taji huulizwa kwanza kilichoharibika, kisha ndipo anahukumiwa. Kwa huyu, hukumu ilitangulia swali.

Innocent Simiyu aliyemrithi alifanya kazi nzuri: fainali mbili msimu wa 2018, Vancouver na Hong Kong. Naye akaondoka mwaka huo huo, baada ya wachezaji kuziba nembo ya mdhamini kwenye jezi kule Paris wakidai marupurupu yao. Na wale wanaoniambia kila mara kwamba dawa ni kocha mzungu, nawakumbusha London 2023: Damian McGrath kwenye benchi kama kocha, Canada wakatupiga 12-7, tukashuka daraja. Aliyeturudisha, Madrid 2024, ni Kevin Wambua.

Lakini turudi kwa Simiyu: fainali zake zile mbili zote zilikuwa dhidi ya Fiji, wale wale tuliowapiga Singapore. Tulilala 31-12 na 24-12. Simiyu alipoondoka, chama kilimpa timu Paul Murunga, msaidizi wa Ayimba kule Singapore. Walitafuta kazi ya Ayimba bila kumwita Ayimba.