Mshirazi Asiyechomoa Upanga

Barabara ya Uhuru hutoka Buguruni, ikapita Ilala na Kariakoo, na karibu na Mnazi Mmoja ikajaa maduka ya khanga na vitenge. Mama wa Buguruni anayemposea kijana wake hushika njia hiyo kwenda kutafuta nguo za mkaja. Pengine mama huyo anao ufunguo wa hadithi ya Ali, Mshirazi wa Kilwa, kuliko wengi walioiandikia vitabu.

Wengi hao humsoma Ali kama shujaa wa kivita aliyetoka Uajemi, akavuka bahari, akauteka mwambao. Lakini ukizifungua nakala zenyewe, vita huvioni. João de Barros, Mreno aliyechapisha habari hizi mwaka 1552, anamleta kijana aliyedharauliwa na ndugu zake kwa kuwa mama yake alikuwa mjakazi wa Kihabeshi. Anaondoka Hormuz kwa aibu hiyo, si kwa kiu ya ushindi. Nakala ya Kiarabu ya Kilwa inaanza na ndoto: panya mwenye mdomo wa chuma anatoboa kuta za mji, na mfalme akaifasiri kuwa ni dalili ya maangamizi. Mwanzo huo una nguvu ya ushairi. Shujaa anaingia akiwa mkimbizi.

Kisha zinakuja nguo. Mwenye kisiwa yuko tayari kukiuza, mradi kizungushiwe nguo pande zote. Katika masimulizi ya Kiswahili yaliyokusanywa na Carl Velten enzi za Wajerumani, mwenyeji ni Mrimba na mgeni anaitwa Ali bin Selimani. Nguo zinatandazwa, Mrimba anahamia bara, naye Mshirazi anamwoa bintiye. Baadaye Mrimba ataka kurudi kwa vita, lakini bahari inamzuia: kwa Kiarabu mkondo unachimbwa, kwa Kiswahili inasomwa Kurani na kutolewa kafara. Upanga haujachomolewa bado. Wa mwisho kutawala pande zote mbili ni mjukuu, ambaye babu mzaa mama anamwachia madaraka kwa hiari yake.

Hii ni hadithi ya uposo iliyosomwa kama hadithi ya ushindi. Nguo ni bei ya ardhi, lakini pia ni heshima kwa mkwe, na msimuliaji wa Kiswahili hakuziacha maana hizo zitengane. Kasoro yake ni moja, nayo si ndogo: binti wa Mrimba, ambaye bila yeye hapana mjukuu wala ufalme, hapewi hata neno moja la kusema. Mtunzi wa leo anayetafuta utenzi ambao haujatungwa aanzie hapo.

Kusomwa vibaya kwa hadithi hii kumewagharimu watu. Wakoloni walimtumia Mshirazi kudai kwamba mawe ya Kilwa hayakujengwa na Waafrika. Wataalamu wa baadaye, kwa hasira ya haki, karibu wamfute. Neville Chittick, mwaka 1965, alisema watu hao walitoka Banadiri, wala si Shirazi moja kwa moja. Huku visiwani jina hilo liliingia hata katika chama, Afro-Shirazi, mwaka 1957, na wenye kulibeba hawakuhitaji ruhusa ya mwanahistoria. Mwaka 2023 uchunguzi wa mifupa kutoka makaburi ya mwambao ulionyesha damu ya Kiafrika zaidi kwa upande wa akina mama, na ya Kiajemi kwa sehemu kubwa ya akina baba, kuchanganyika kwao kukianza kiasi cha mwaka 1000. Mifupa haisemi nani alikuwa Ali. Hata hivyo, yaliyosemwa na wazee wa Kilwa kuhusu ndoa ile hayakuwa porojo.

Ali mwenyewe ametuachia sarafu. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu, Pemba, zilifukuliwa sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha na ndogo mno, pamoja na dinari za Kifatimi za karne ya 11. Zimo zenye jina la Ali bin al-Hasan. Upande mmoja ni jina hilo. Upande wa pili, kwa Kiarabu, ni maneno ya kumtegemea Mola mwenye neema, nayo yanaishia kwa kina kile kile cha “Hasan”. Hakuandika nchi alizoteka. Aliandika kina.