Vijana wa Bamako Mbele ya Kamera

Katika kadi za posta za zama za ukoloni, Mwafrika aghalabu alipigwa picha ili awe mfano wa kabila, si mtu. Chini ya picha liliandikwa jina la kabila lake au kazi yake. Jina alilopewa na wazazi wake halikuulizwa. Hata kadi nyingi za pwani yetu zilikuwa hivyo, na sura hiyo ndiyo iliyosafiri mbali.

Malick Sidibé, mpiga picha wa Mali aliyefariki mwaka 2016, hakuhitaji kubishana nayo. Katika miaka ya 1960 alikwenda kwa baiskeli kwenye dansi za vijana wa Bamako, akarudi usiku wa manane studioni kwake, mtaa wa Bagadadji, akasafisha filamu, kisha akabandika vipicha vidogo juu ya karatasi ngumu yenye jina la klabu na tarehe. Vijana walikuja kujitafuta humo, wakaagiza nakala. Kwetu sisi, nguvu ya kazi yake imo katika jambo hilo: mnunuzi wa picha alikuwa yule yule aliyepigwa. Hakuna aliyesimamishwa ili mgeni amshangae.

Tuitazame picha yake mashuhuri ya usiku wa Noeli, mwaka 1963. Kijana aliyevaa suti anacheza na msichana aliye pekupeku. Husemekana ni kaka na dada yake. Vichwa vimeinama, vinakaribia kugusana, macho yanafuata miguu. Hawatutazami wala hawatujali. Furaha imo, na haya imo pia, wala moja haimfukuzi mwenziwe.

Lakini picha hizi haziwasuti wageni peke yao. Mwaka 1962, alipounda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, Mwalimu Nyerere alisikitika kwamba wengi tulijua kucheza twisti na hatukuijua lelemama. Masikitiko hayo yalikuwa ya haki. Yaliyofuata ni mengine: mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ili nguo fupi na suruali za kubana zisionekane tena Dar es Salaam. Mali nako, mgambo wa serikali ya Modibo Keïta waliwaandama vijana wa namna hii hii. Lelemama inayotetewa kwa mkasi na fimbo haipati mchezaji hata mmoja.

Je, beni yetu ilitoka wapi? Iliiga bendi za kijeshi za wakoloni, sare zao na hata vyeo vyao, na leo hakuna aandikaye historia ya ngoma za pwani akaiacha. Watu wa Lamu, Mombasa na Tanga waliichukua wakaigeuza yao. Vijana wa Sidibé walikuwa katika kazi hiyo hiyo.

Lipo moja linalotukera. Siku hizi picha hizi hukuzwa na kutundikwa katika majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani; mwaka 2007 maonyesho ya Venice yalimtunuku Sidibé Simba wa Dhahabu, naye alistahili. Ila ukutani jina lake husomeka, ya wachezaji aghalabu hayapo. Kile kipicha kidogo cha Bagadadji kilikuwa na mwenyewe, aliyejua ni nani amesimama kando yake na ni wimbo gani uliokuwa ukipigwa.