Kitenge cha Mfinyanzi

Msichana anayekwenda kujifunza ufinyanzi kwa mara ya kwanza huuliza avae nini, na watu humjibu upesi: vaa nguo mbovu, udongo unachafua. Jibu hilo halitoshi, tena linaivunjia kazi heshima. Mama anayejua kufinyanga haangalii ubovu wa nguo. Anaangalia kama ni ya pamba, kama imefuliwa hadi ikalainika, kama mikono yake inaishia juu ya kiwiko, kama mtu anaweza kuchuchumaa, kupiga magoti na kuinama akiwa ameivaa bila kuivutavuta. Kisha atauliza kama mwanafunzi amekuja na kipande kingine cha kuchanwa. Kwake nguo imo katika fungu moja na kijiwe laini cha mtoni cha kusugulia na kigae cha kibuyu cha kukwangulia. Aliyekuja bila nguo inayofaa amekuja bila chombo cha kazi.

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gae. Wengi huisema methali hiyo kwa kumhurumia fundi, eti anawatengenezea wenzake vyungu vizima naye anabaki na kilichovunjika. Mimi sioni la kuhurumia. Gae analijua yeye kuliko mtu mwingine yeyote: akimaliza kulitumia hulitwanga, hulichekecha, akalichanganya na udongo mpya ili chungu kisipasuke motoni. Kwa mwenye ujuzi huo hakuna kilichochakaa kikakosa kazi, na kitenge chake kikuukuu ni hivyo hivyo.

Huku kusini mwa Maniema, mashariki mwa Kongo, kuanzia Kasongo, Kabambare hadi Salamabila, sifa ya wafinyanzi si ya jana. Mwaka 1871 mmisionari na msafiri Mskoti David Livingstone alikaa miezi kadhaa Nyangwe, kando ya Lualaba, si mbali na Kasongo, akitafuta mitumbwi ya kuvukia. Alikwenda sokoni mara kwa mara, na aliyoyaona aliyaandika katika shajara yake. Wanaume walikuja wamejifunga nguo za rangi kali zenye mikunjo mingi, mikononi wana vitu vichache tu: vyombo vya chuma, kuku, nguruwe, nguo za nyuzi. Wanawake ndio walioelemewa, migongoni wamebeba mihogo mikavu na vyungu, kamba ya mzigo imepita kwenye paji la uso. Wafinyanzi walikuwa wakivigonga vyombo vyao pande zote ili mnunuzi asikie kwa sikio lake kwamba hakuna ufa. Yeye mwenyewe alinunua chupa mbili za udongo, kila moja ya galoni moja, yaani karibu lita nne na nusu, kwa uzi mmoja wa shanga. Akastaajabia jinsi zilivyoviringika sawasawa, ilhali hakuna mashine iliyotumika.

Tarehe 15 Julai mwaka huo huo, watu wa misafara ya Waarabu iliyotoka pwani waliwafyatulia bunduki wanawake wa soko lile. Wengine walikufa kwa risasi, wengine walizama mtoni wakikimbia. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Sijui soko jingine katika nchi hii ambalo wafinyanzi wake walisifiwa namna ile na kuuawa namna ile ndani ya miezi michache, na hakuna hata mmoja ambaye jina lake liliandikwa. Ndiyo maana sipendi kusikia ufinyanzi ukitajwa kama kazi ya waliokosa kazi. Mviringo ule uliomshangaza mgeni ulikuwa elimu, na wenye elimu hiyo walikuwa mama zetu.

Siku zile pamba haikuwa ya kuchezea udongo. Nguo za merikani na kaniki zilibebwa vichwani kutoka pwani mkabala wa Zanzibar, zikapitia Tabora na Ujiji, na hadi kufika Maniema nguo ilikuwa fedha ya kununulia pembe na chakula. Leo kitenge kipo katika kila nyumba. Kipya huvaliwa kanisani, msikitini na harusini. Kikipauka huwa cha shambani na jikoni. Kikilainika kabisa ndipo kinapomfaa mfinyanzi. Ukitazama viunoni mwa akina mama walio kazini unaweza kusoma miaka: hiki kilichapishwa kwa tarehe 8 Machi, siku ya wanawake, hiki kwa jubilei ya parokia, hiki kwa kampeni ya uchaguzi uliokwisha kusahauliwa.

Na kukifunga pia kuna ufundi. Siku ya ibada kitenge hufika kwenye kifundo cha mguu. Siku ya udongo huishia chini kidogo ya goti. Mama hukizungusha kiunoni mara mbili, ncha akaichomeka kwa ndani upande wa kushoto, kwa sababu mkono wa kulia ndio unaokwenda kwenye maji na kurudi, nao hautakiwi kukutana na fundo njiani. Akikaa na miguu imenyooshwa, mkunjo wa mbele anaubana katikati ya mapaja. Hapo ndipo vinapoangukia vipande vyote vinavyodondoka kutoka kwenye chungu, navyo hubaki na unyevu wake hadi vitakaporudishwa kwenye bonge. Udongo uliotwangwa, ukalowekwa na kukandwa siku nzima hauachwi upotee mchangani.

Lakini kazi kubwa ya kitambaa ni mdomo wa chungu. Mwili umekwisha kusimama: udongo umeviringishwa kuwa kamba nene, kamba imelazwa juu ya kamba, vidole vimebana maungio, kigae kimekwangua ndani na nje. Mdomo bado una alama za vidole na vinundu. Mama anachana utepe wa kitenge, upana wa vidole viwili, anauchovya majini, anaukunja na kuuvalisha juu ya ukingo, nusu ndani nusu nje, kisha anaushika kwa kidole gumba na cha shahada. Mkono wa pili unakizungusha chungu taratibu juu ya gae kinalolikalia. Mzunguko wa kwanza unalaza vinundu, wa pili unakaza ukingo, na wa tatu ukimalizika mdomo umeng'aa, unene wake ni mmoja kotekote. Kitenge kipya hakiwezi kazi hii. Wanga wa dukani bado umo ndani yake, ni kigumu, kinaacha mikwaruzo. Kitambaa cha nailoni ndicho kibaya zaidi, kwa maana hakishiki maji, na kikikauka tu kinauvuta udongo na kuuchana. Pamba iliyofuliwa miaka ndiyo inayobeba maji ya kutosha na kuyatoa kidogo kidogo.

Si Maniema peke yake mwili na nguo vilikofundishana hivi. Mfinyanzi Ladi Kwali wa Nigeria alijiunga mwaka 1954 na kituo cha mafunzo ya ufinyanzi cha Abuja kilichoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew. Huko gurudumu lilikuwapo, lakini sifa yake kubwa ilitokana na mitungi aliyoijenga kwa mkono. Badala ya kuuzungusha mtungi, aliuzunguka yeye, ameinama, akienda kinyumenyume hatua kwa hatua. Kazi hiyo haiwezekani kwa nguo inayoburura chini. Mkenya Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alikwenda Abuja mwaka 1974 akajifunza huko kujenga kwa mkono, na leo vyungu vyake vimo katika majumba makubwa ya makumbusho. Nigeria ilimweka Ladi Kwali kwenye noti ya naira 20, akiwa kazini. Natamani kuona noti ya Kongo yenye mwanamke aliyefunga kitenge na mikono yenye udongo hadi kiwikoni.

Tukirudi kwa mwanafunzi wetu, pete na bangili zivuliwe nyumbani, kucha zikatwe. Ukucha mmoja mrefu huacha mstari ndani ya chungu, na mstari huo ndiko ufa unakoanzia. Kichwa kifungwe kitambaa, tena kirefu, kwa sababu siku ya kupeleka vyombo sokoni kitambaa hicho hicho husokotwa kuwa ngata ya kubebea.

Siku ya kuchoma, pamba tupu. Moto wa wazi, wa nyasi, kuni na magamba ya miti, hufika nyuzi 600 hadi 900, na mama huusogelea kuongeza nyasi panapoonekana wekundu. Cheche ikiangukia pamba hutoboa tundu, mtu akaipangusa. Ikiangukia nailoni, kitambaa huyeyuka na kuganda kwenye ngozi.

Na kuna vumbi, jambo ambalo watu wa Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, wanapaswa kulisikiliza kuliko wengine. Udongo mbichi hauna madhara. Ukikauka, na magae yakitwangwa, hutoa vumbi jembamba lenye silika, ambayo ikivutwa kwa miaka huacha makovu mapafuni yasiyopona. Silika hiyo hiyo imo katika mawe meupe yanayotwangwa kutafuta dhahabu, na wanaotwanga mara nyingi ni wanawake, wengine na watoto migongoni. Kwa hiyo kitenge cha kazi kisikung'utwe ndani ya nyumba, wala mtoto asikilalie. Kilowekwe kwanza, udongo ushuke chini ya beseni, maji yamwagwe nje, ndipo sabuni ifuate. Magae nayo yanyunyiziwe maji kabla ya kutwangwa, na kitambaa kilicholowa kifungwe puani.

Wafadhili wanaokuja na nia njema ya kufundisha akina mama kazi za mikono, mara nyingi huanza kwa kununua fulana zenye nembo na aproni za plastiki. Fulana hizo zikiwa za nailoni, hazifai mdomoni mwa chungu wala mbele ya moto, na aproni ya plastiki humwaga mapajani maji yote inayoyapokea. Kila mwanafunzi anacho kitenge kikuukuu nyumbani kwao. Aambiwe aje nacho, pamoja na cha pili cha kuchanwa. Fedha za fulana zilipwe kwa mama mzee anayefundisha, maana huyo kwa kawaida ndiye wa mwisho kukumbukwa, na zitakazobaki zinunue kuni.